NISHANI ZA VITA: JINA LA BABU LISIPOTEE

Nishani ya vita ni kitu kidogo. Hutosha kiganjani, na aghalabu thamani ya madini yake haizidi bei ya mavazi ya mtu mmoja. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za askari imehifadhiwa kuliko chombo chochote cha nyumbani: imefungwa katika kitambaa, imetiwa katika bati la chai au sanduku la nguo, nayo hutolewa kwa nadra mbele ya wajukuu. Siku mzee anapofariki, ndipo swali linapozuka. Hii ni nishani ya vita gani? Aliipata wapi? Nani ataichukua? Mara nyingi jibu la maswali mawili ya mwanzo limekwisha kuzikwa pamoja na mwenyewe.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa watu wa mto Ruvuma. Upande wa kusini wa mto huo, katika wilaya ya Palma, mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, iko Nhica do Rovuma. Ng'ambo yake ni Mtwara, Tanzania. Wamakonde na jamaa zao wanaishi kingo zote mbili, wanaoana, wanazikana, na lugha ya Kiswahili huvuka mto bila kuuliza mpaka. Lakini katika muda wa karne moja majeshi ya Wajerumani, Wareno, Waingereza, wapigania uhuru wa FRELIMO na wanajeshi wa Tanzania yote yameuvuka mto huo. Kila vita vilipokwisha, serikali zilitoa nishani zake. Ndiyo maana ukoo mmoja wa Ruvuma waweza kuwa na nishani za falme na dola zilizopigana zenyewe kwa zenyewe.

Mto uliovukwa na majeshi

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Tanganyika ilikuwa chini ya Wajerumani na Msumbiji chini ya Wareno. Kulikuwa na ugomvi wa zamani baina yao. Mwaka 1894 Wajerumani walikuwa wamejitwalia Kionga, pembe ndogo ya ardhi iliyo kusini ya mdomo wa Ruvuma. Ujerumani ilipotangaza vita dhidi ya Ureno mwezi Machi 1916, Wareno hawakukawia. Aprili 10, 1916 waliichukua Kionga. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukathibitisha kuwa eneo hilo ni la Ureno, na hivi leo limo katika Msumbiji.

Kionga iliwapa Wareno tamaa ya kusonga mbele. Mwezi Septemba 1916 majeshi yao, chini ya Jenerali Ferreira Gil, yaliuvuka mto kuingia Tanganyika, na Oktoba 26 yakaiteka Newala. Furaha hiyo haikudumu. Mwisho wa Novemba Wajerumani waliizingira ngome, nao Wareno wakalazimika kuihama na kurudi kusini.

Mwaka uliofuata, mambo yaligeuka. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, akisukumwa na majeshi ya Waingereza, aliuvuka mto Ruvuma kwenda kusini. Novemba 25, 1917, huko Ngomano, mahali mto Lugenda unapoingia Ruvuma, aliwashambulia Wareno. Kamanda wao, Meja João Teixeira Pinto, aliuawa, na bunduki, risasi na chakula vikawaangukia Wajerumani. Wakati huo Lettow-Vorbeck alikuwa na askari Waafrika wapatao 1,700, na nyuma yao wapagazi wapatao 3,000. Kwa muda wa miezi kumi walizunguka Msumbiji, kisha mwezi Septemba 1918 wakauvuka tena Ruvuma kurudi kaskazini. Walisalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, Novemba 25, 1918, mwaka mmoja kamili tangu siku ya Ngomano.

Upande wa Waingereza, mzigo mkubwa wa vita uliangukia jeshi la King's African Rifles, ambalo wenyeji waliliita Keya. Mwaka 1914 jeshi hilo lilikuwa na batalioni 3 tu. Vita vilipokwisha zilikuwa 22, na askari wake walipita elfu thelathini. Hao ndio waliorudi vijijini na nishani zilizo nyingi zaidi katika masanduku ya wazee wa Afrika Mashariki.

Namna ya kuisoma nishani

Nishani ya vita husomwa kama barua, mradi mtu ajue pa kutazama. Kwanza hutazamwa uso wake wa mbele, kisha wa nyuma, kisha utepe, na mwisho ukingo. Wengi husahau ukingo, nao ndio wenye habari iliyo kubwa kuliko zote.

Nishani ya Vita ya Uingereza ya miaka 1914 hadi 1918 ni ya fedha. Mbele ina kichwa cha Mfalme George wa Tano. Nyuma ina mtu aliyepanda farasi, na chini ya kwato za farasi huyo mna ngao yenye tai na fuvu la kichwa. Utepe wake una rangi ya machungwa katikati, na pande zote mbili mistari ya nyeupe, nyeusi na buluu. Aghalabu nishani hii hufuatana na Nishani ya Ushindi, ambayo ina sura ya malaika mwenye mabawa na utepe wenye rangi za upinde wa mvua mara mbili. Mataifa yaliyoshirikiana katika vita yalikubaliana kuwa kila moja litatoa Nishani ya Ushindi kwa umbo lake lenyewe, bali utepe uwe ule ule mmoja. Ureno ilitoa yake na Ubelgiji yake. Hivyo, mtu akiona utepe wa upinde wa mvua kwenye ukingo wa Ruvuma, asikate shauri haraka kuwa ni wa Keya. Yafaa aigeuze nishani aone ni ya nchi gani.

Sasa atazame ukingo. Katika nishani hizo mbili za Waingereza, kila moja iligongwa namba ya askari, cheo chake, jina lake na jeshi lake. Herufi K.A.R. zikionekana, basi huyo alikuwa Keya. Jina laweza kuwa limeandikwa vibaya, kwa sababu karani alisikia kwa sikio la kigeni. Pengine limeandikwa jina la baba peke yake, au la kijiji. Lakini namba haidanganyi. Namba ikiwa moja katika nishani zote mbili, zilikuwa za kifua kimoja.

Zipo pia za zamani zaidi. Nishani ya Utumishi wa Afrika ya Waingereza ilianza mwaka 1902, na utepe wake ni wa manjano wenye pindo nyeusi na mistari miwili myembamba ya kijani. Juu ya utepe huo huwa pana bamba dogo lenye jina la mahali palipopiganwa na mwaka. Bamba hilo ndilo linalotofautisha aliyepigana Somalia na aliyepigana kwingineko. Bamba la mwisho la nishani hiyo limeandikwa Kenya, nalo lilitolewa kwa ajili ya vita vya Mau Mau vya miaka ya 1952 hadi 1956. Hapo pana fundisho kubwa. Nishani humwambia mtu nani alipigana, wapi na lini. Haimwambii nani alikuwa na haki. Mjukuu aliyerithi nishani yenye bamba hilo hana sababu ya kuitupa, wala hana sababu ya kuficha ilitolewa kwa vita vipi. Yafaa aihifadhi pamoja na ukweli wake.

Wareno nao walikuwa na Msalaba wa Vita, uliobuniwa mwaka 1916 kwa matendo ya ushujaa, na medali ya ukumbusho wa kampeni za jeshi lao. Hiyo ya pili huwa na bamba linalotaja nchi na miaka. Ni muhimu kuisoma miaka hiyo kwa makini, kwa kuwa medali ya namna hiyo ilitolewa kwa Msumbiji katika Vita Kuu ya Kwanza, na baadaye ikatolewa tena, kwa bamba lenye miaka mingine, katika vita vya ukoloni dhidi ya FRELIMO.

Waliopigana bila nishani

Askari wa Lettow-Vorbeck hawakupata nishani ya kampeni kwa miaka ile minne ya taabu. Walipata karatasi, na karatasi katika nyumba ya makuti haina maisha marefu. Mwaka 1964, mwaka ule ule aliokufa Lettow-Vorbeck, Bunge la Ujerumani ya Magharibi liliamua kuwalipa askari waliokuwa hai mishahara waliyodai tangu mwaka 1918. Ofisi ya malipo ilifunguliwa Mwanza. Inasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walifika, na ni wachache mno waliokuwa na vyeti vyao. Baadhi walileta vipande vya sare. Mwenye kulipa, akiwa katika mashaka, aliwaita mmoja mmoja, akampa kila mtu ufagio badala ya bunduki, akatoa amri za kwata kwa Kijerumani. Inasemekana hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Miili yao ilikumbuka kile ambacho karatasi haikuweza kukihifadhi.

Lakini hata hao walikuwa na bahati kuliko wapagazi. Katika vita vile hapakuwa na magari ya kutosha wala barabara, na mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe. Kila risasi, kila gunia la unga na kila mgonjwa alibebwa na binadamu. Waingereza walitumia wapagazi wanaokadiriwa kupita milioni moja, na wanahistoria wengi hukadiria kuwa karibu 100,000 kati yao walikufa, wengi kwa kuhara, homa na njaa, si kwa risasi. Neno la Kiingereza lililoitwa jeshi hilo la wapagazi ndilo lililozaa jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam ambamo kambi yao ilikuwapo. Maelfu ya watu hununua mchicha na vitenge hapo kila siku, pasipo kujua kuwa wanalitamka jina la jeshi la wabeba mizigo.

Waingereza walitengeneza pia Nishani ya Vita ya shaba badala ya fedha, zipatazo 110,000, kwa ajili ya vikosi vya kazi vya Wachina, Wamalta, Wahindi na wengineo. Vita vilikuwa vimoja na umbo la nishani lilikuwa moja. Tofauti ni kuwa aliyebeba bunduki alistahili fedha, na aliyebeba mzigo alistahili shaba. Katika Afrika Mashariki haikubuniwa nishani ya kampeni kwa ajili ya mpagazi wa Ruvuma, Rufiji au Lugenda. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyowekwa mwaka 1927, ina maandishi yanayowataja wapagazi pamoja na wapiganaji, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu na kwa Kiingereza. Hayo ni mema. Lakini sanamu hiyo haina jina la mtu hata mmoja. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kuwa watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba idadi hiyo yaweza kufika 350,000.

Basi ieleweke kuwa kitu kinachokosekana hapo si kipande cha madini. Ni jina.

Nyota zisizo na majina

Katika Vita Kuu ya Pili, Keya walipigana na Waitaliano Somalia na Ethiopia mwaka 1941, wakatua Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikapigana na Wajapani katika misitu ya Burma, bonde la Kabaw, hadi ikaifikia Kalewa kando ya mto Chindwin mwezi Desemba. Wengine hawakufika. Februari 12, 1944 meli Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na manowari ya Wajapani, na watu karibu 1,300 walikufa, wakiwamo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Nishani za vita hivyo hutambulikana kwa umbo la nyota yenye ncha sita. Nyota ya Afrika ina utepe wa rangi ya mchanga wa jangwani, wenye mstari mwekundu katikati na miwili myembamba ya buluu pembeni. Nyota ya Burma ina mstari mpana mwekundu katikati, buluu iliyokoza kandokando, na rangi ya machungwa ndani ya buluu hiyo. Nyota ya 1939–45 ina mistari mitatu iliyo sawa: buluu iliyokoza kwa wanamaji, nyekundu kwa jeshi la nchi kavu, na buluu ya mbingu kwa wanahewa.

Hapa pana hatari ambayo familia nyingi hazijaitambua. Nishani ambazo Serikali ya Uingereza ilizitoa kwa vita hivyo, kwa desturi, hazikugongwa jina. Nyota ya Burma ya mzee wa Newala haina tofauti hata chembe na ile ya askari wa Manchester. Kinachoifanya iwe ya mzee huyo ni kitabu chake cha kuachia jeshi, picha yake akiwa na sare, na maneno ya watu wanaomjua. Vitu hivyo vikitengana na nyota, nyota hubaki kuwa bati la rangi.

Vita vya ukombozi katika ukingo ule ule

FRELIMO iliundwa Dar es Salaam Juni 25, 1962. Septemba 25, 1964 risasi za kwanza za vita vya ukombozi zililia Chai, Cabo Delgado. Kwa miaka kumi wapiganaji walipata mafunzo Nachingwea na kuuvuka Ruvuma usiku. Mwaka 1967 wanawake nao waliingia katika mafunzo ya kijeshi, na Kikosi cha Wanawake kikazaliwa. Walipigana, wakalea yatima wa vita, na walibeba vichwani silaha, dawa na chakula kutoka mpakani hadi ndani ya nchi. Kwa mara nyingine mzigo wa vita ulipita Ruvuma juu ya kichwa cha binadamu, lakini safari hii aliyeubeba alikuwa anaubeba kwa ajili ya nchi yake mwenyewe.

Msumbiji ilipata uhuru Juni 25, 1975, na katika miaka iliyofuata serikali yake imewatunuku medali maveterani wa ukombozi, wanaume kwa wanawake. Kwa hiyo katika Cabo Delgado yaweza kutokea kwamba nyumba moja ina medali ya ukombozi, na nyumba ya pili yake ina medali ya kampeni ya Wareno ya miaka ile ile, kwa sababu Wareno waliwaingiza Waafrika wengi katika jeshi lao. Kuzungumza juu ya medali hizo mbili si jambo jepesi. Lakini watoto wa nyumba hizo wanasoma darasa moja, na ni afadhali waisikie historia kutoka kwa wazee wao kuliko kuiokota njiani ikiwa imegeuka kuwa kejeli.

Tanzania nayo ililipa gharama ya mto huo. Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, yako makaburi ya wanajeshi wa Jeshi la Wananchi waliokufa wakiilinda Msumbiji katika miaka ya 1980. Wengi waliopigana kusini walikuwa wametoka pia katika vita vya Kagera vya miaka ya 1978 na 1979. Na katika karne hii askari wa Tanzania wamevaa utepe wa Umoja wa Mataifa kutoka Darfur, Lebanoni na Kongo. Kwa kawaida nishani ya Umoja wa Mataifa hutolewa kwa aliyetumika siku 90 katika ujumbe wa amani. Ipo na nyingine ambayo hakuna mzazi anayeitamani: Nishani ya Dag Hammarskjöld, iliyoanzishwa mwaka 1997 kwa ajili ya waliopoteza maisha katika kazi ya amani. Hiyo ni ya kioo, umbo la yai, na hukatwa jina la marehemu pamoja na tarehe ya kufa kwake. Waliobuni nishani hiyo walitambua kuwa mjane hawezi kuridhika na kioo kitupu.

Utunzaji wa nyumbani

Kazi ya kutunza nishani aghalabu huwaangukia akina mama, wajane na mabinti, nayo haihitaji fedha. Yafaa wazingatie haya yafuatayo.

Kwanza, nishani isisuguliwe. Majivu, mchanga, ndimu na dawa za kung'arishia shaba huondoa weusi, lakini huondoa na madini. Nishani iliyosuguliwa kila sikukuu kwa miaka hamsini hufutika jina ukingoni. Weusi wa fedha si ugonjwa, ni umri. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa laini cha pamba kilicho kikavu, basi.

Pili, ishikwe kwa ncha za vidole vilivyo vikavu, kwa maana jasho lina chumvi. Hewa ya pwani pia ina chumvi na unyevu. Kwa sababu hiyo isifungwe katika mfuko wa nailoni ambao hutoa jasho kwa ndani, wala isifungwe kwa mpira, kwa kuwa mpira huila fedha. Kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila wanga, ndani ya kopo lenye kifuniko, juu ya rafu mbali na ukuta wenye maji, chatosha.

Tatu, utepe wa asili usitupwe hata ukichakaa, wala usifuliwe. Rangi zake ndizo zinazotaja vita. Ukitaka kuvaliwa siku ya sherehe, utafutwe utepe mwingine, na ule wa zamani utiwe katika bahasha.

Nne, nishani za mtu mmoja zisigawanywe. Hili ndilo kosa linalofanywa kwa nia njema. Mzee ameacha nishani tatu na watoto watatu. Kila mmoja huchukua moja, na wote huona wametendewa haki. Baada ya miaka ishirini moja iko Mtwara, moja iko Dar es Salaam, ya tatu imepotea, na hakuna anayeweza tena kusimulia safari ya mzee kutoka vita hadi vita. Ni heri ukoo umchague mtunzaji mmoja, awe wa kiume au wa kike, aliye mwaminifu na mwenye makazi ya kudumu, na wengine wapewe picha.

Tano, nalo ni kubwa kuliko yote, iandikwe karatasi. Ndani yake litajwe jina kamili la mwenye nishani na majina yake mengine, kijiji chake, namba yake na kikosi chake, vita alivyopigana na miaka yake, jina la aliyesimulia, na tarehe ya kuandika. Nishani ipigwe picha mbele, nyuma na ukingoni. Nakala moja ikae na nishani, na nyingine ikae kwa jamaa wa mbali.

Kuhusu kuvaa, desturi ya majeshi yenye asili ya Kiingereza ni kuwa aliyetunukiwa huvaa kifua cha kushoto, na jamaa anayemwakilisha marehemu siku ya kumbukumbu huvaa kifua cha kulia. Aliye ndani ya sare hufuata kanuni za jeshi lake. Kuvaa nishani kifua cha kushoto bila kuistahili ni kusema uongo bila kufungua kinywa.

Mkusanyaji na mnunuzi

Kukusanya nishani ni kazi yenye heshima duniani. Wakusanyaji wema hununua kwa haki, hutafuta habari za kila jina katika orodha za zamani, na wameokoa nishani nyingi zisiyeyushwe. Bei ya fedha ilipopanda ghafla duniani mwaka 1979 na 1980, Nishani za Vita za Uingereza zisizohesabika zilitiwa katika tanuri kwa sababu ya uzito wake tu. Walioziyeyusha walipata fedha ya mwezi mmoja, na majina yaliyokuwa ukingoni hayakuonekana tena.

Lakini yuko na mnunuzi wa njiani, anayefika baada ya matanga, akijua kuwa nyumba ina madeni. Huisifu nishani kidogo, hutaja bei ya chuma chakavu, na huondoka. Familia ifahamu kuwa kwa mkusanyaji thamani haimo katika madini, bali katika jina, kikosi na karatasi zinazofuatana nazo. Mtu aliyekusudia kuuza, kwa kuwa shida haina adabu, asiuze siku ile ile, asiuze moja moja, na asiuze kabla ya kunakili na kupiga picha. Nishani ikiondoka, jina libaki.

Kwa watu wa Nhica do Rovuma na jirani zake, shauri la kuweka nakala mbali si la anasa. Tangu Oktoba 2017, mashambulizi ya watu wenye silaha yameutikisa mkoa wa Cabo Delgado, na Machi 24, 2021 mji wa Palma wenyewe ulivamiwa. Maelfu ya watu walikimbia kwa miguu, kwa mashua na kwa majahazi. Mtu anayekimbia usiku hushika mkono wa mtoto, wala hageuki nyuma kutafuta kopo la nishani. Medali zilizohimili vita viwili au vitatu katika sanduku la bibi zaweza kuteketea katika saa moja pamoja na paa. Lakini kama binamu wa ng'ambo, Kitaya au Mtwara, anayo karatasi yenye jina, namba na kisa, nyumba hiyo haijapoteza kila kitu.

Karatasi hiyo ina faida ya pili. Yaweza kuandikwa hata katika nyumba isiyokuwa na nishani. Mpagazi aliyefia njia ya Lugenda, askari aliyepewa cheti kikaliwa na mchwa, na mama aliyebeba sanduku la risasi kichwani kuuvuka Ruvuma, hao wote hawakugongwa majina ukingoni mwa fedha. Hakuna serikali inayoweza sasa kuwarudishia kwa ukamilifu. Mjukuu mwenye daftari na kalamu aweza, mradi aketi na wazee angali wanasema.